Viboko: mzazi anatishiwa jela, mkuu wa mkoa anapongezwa. Huu unafiki mpaka lini?

Wakuu,

Kila ikifika Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, viongozi wanapanda jukwaani kutuhubiria wazazi tuache kuchapa watoto. Mzazi ndiye mkatili, mzazi ndiye wa kuelimishwa, mzazi ndiye wa kushtakiwa. Wanaosema hivyo fimbo yao wenyewe hawajaiweka chini, na ushahidi uko kwenye maandishi yao wenyewe.

Tuifungue sheria, maana wengi wanaitaja bila kuisoma. Sheria ya Mtoto ya Tanzania, Na. 21 ya 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili. Sawa kabisa. Lakini kifungu kidogo cha (2) kinasema adhabu ya kumrekebisha mtoto haikubaliki ikiwa imepita kiasi kwa umri wake na hali yake ya mwili na akili, au ikiwa mtoto ni mdogo hata hawezi kuelewa anaadhibiwa kwa nini. Kiasi ni kipi? Hakikutajwa. Kwa kutumia nini, sehemu gani ya mwili, chini ya umri gani? Hakikutajwa. Adhabu ya kuvuka mpaka huo usioonekana ndiyo imetajwa vizuri, kifungu cha 14: faini isiyozidi shilingi milioni 5, jela miezi 6, au vyote viwili. Mama aliyempiga mwanawe makofi mawili hajui yuko ndani ya sheria au nje mpaka afisa ustawi wa jamii au hakimu aamue. Sheria ya namna hii inamfaa mwanasiasa peke yake: mbele ya wafadhili anasema tumekataza ukatili, akirudi jimboni anasema malezi yenu hatujayagusa.

Njoo shuleni sasa, kwenye fimbo ya serikali yenyewe. Hapo vipimo vipo! Kanuni za viboko chini ya Sheria ya Elimu, zilizotungwa 1979 na kurekebishwa 2002 (Tangazo la Serikali Na. 294), zinasema hivi: viboko visizidi vinne kwa mara moja, kutoka sita vya zamani. Fimbo iwe nyepesi inayopinda. Apigwe mkononi au matakoni akiwa amevaa nguo, si kwingine. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Kosa liwe zito, na izingatiwe afya ya mtoto. Kila tukio liandikwe kwenye daftari: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa, kisha mkuu wa shule asaini.

Mzazi unayesoma hapa, nenda kaombe kuliona daftari hilo. Usiende kugombana, omba tu lifunguliwe tarehe aliyochapwa mwanao. Ukikuta halipo, au lipo na tarehe ile haina kitu, basi adhabu ile imetolewa nje ya kanuni hata kama vilikuwa viboko viwili. Kama mtoto ana alama, piga picha siku hiyohiyo, maana michubuko haisubiri vikao vya kamati ya shule. Nenda polisi, dawati la jinsia na watoto, uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na daktari aijaze. Simu ya mtoto ni 116, bure. Mambo haya huharibika pale mzazi anapoambiwa "tuyamalize hapahapa ofisini", wiki mbili zinapita, mwili umepona na ushahidi umekwisha.

Halafu mtazame Mbeya. Oktoba 2016 ilisambaa video ya walimu wa mazoezi wakimshambulia mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ndani ya ofisi ya walimu. Serikali ikawaka, waziri akaagiza wakamatwe, vyuo vikawafukuza. Safi. Oktoba 2019, mkoa huohuo, mkuu wa mkoa Albert Chalamila akaenda sekondari ya Kiwanja, Chunya, akawalaza wanafunzi chini na kuwachapa mwenyewe mbele ya kamera. Walituhumiwa kuhusika na moto wa mabweni. Rudi kwenye kanuni: yeye ni mkuu wa shule? Ni mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi? Hapana na hapana. Rais Magufuli akampongeza hadharani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano Bukoba alikufa kwa kipigo cha mwalimu. Nchi iliyomzika mtoto yule ilikuwa na sababu gani ya kushangilia fimbo ya kiongozi?

Na kule nje tunasema nini? Mwaka 2011, katika mapitio ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, Geneva, serikali ilijibu kwamba viboko vya shuleni havihesabiki kuwa adhabu ya mwili, ni adhabu halali. Mwaka huohuo utafiti wa kitaifa ulitoka na kuonyesha karibu robo tatu ya watoto wetu, wa kike na wa kiume, wamepata ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Serikali yenyewe ndiyo iliyouzindua.

Wakenya msicheke. Katiba yenu ya 2010, ibara ya 29, imekataza adhabu ya viboko kwa kila mtu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, ina faini ya hadi shilingi 100,000 au jela miezi 6. Januari 2021 waziri wenu wa elimu, Magoha, alitaka viboko virudishwe shuleni. Waziri aliyeapa kuilinda katiba hiyohiyo!

Sweden, ambao kila mtu anawataja kama mfano, walianza na fimbo ya dola: shuleni waliiondoa 1958, na mzazi wakamfikia 1979. Hata hapo hawakumtungia mzazi kifungo kipya. Walipeleka kijitabu kwa kila nyumba yenye watoto na kuchapisha maelezo kwenye paketi za maziwa.

Mimi sitetei kipigo, wala sitaki kusoma hapa "sisi tulichapwa na tukawa watu". Ninachotaka ni mpangilio. Futeni Kanuni za 2002, fimbo itoke shuleni kwanza. Kiongozi yeyote asiye mwalimu aliyemchapa mwanafunzi ashtakiwe kwa shambulio kama raia mwingine. Kisha kiandikeni upya kifungu cha 13(2) kwa maneno ambayo mama wa Tandale anayaelewa, na mkiambatanishe na kadi ya kliniki ya mtoto, kwa sababu hiyo karatasi kila mzazi anaishika.

Wabunge mnaopita humu kimyakimya, jibuni: nani kati yenu atapeleka hoja ya kufuta Tangazo Na. 294?