Mpwa wangu anavuta gesi ya krimu: sheria ya New York na ya California zinasemaje?

Mama Keki
Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Buffalo, New York, na huoka keki nyumbani kwa kutumia vile vichupa vya chuma vya gramu 8 vyenye nitrasi oksidi, ambavyo huifanya krimu iumuke. Juzi nilikuta vichupa vitupu na maputo chini ya kitanda cha mpwa wangu wa miaka 19, ambaye Agosti anahamia California kusoma. Kijana huyu nimekabidhiwa na kaka yangu, na usingizi umenipaa. Je, ana kosa? Na mimi niliyevinunua?

Karani Mstaafu
Dada, pole. Serikali kuu ya Marekani haijaiweka gesi hii katika orodha ya dawa za kulevya zinazodhibitiwa, kwa hiyo majimbo yamejitungia sheria zao. New York, tangu Novemba 2021, ina sheria inayombana muuzaji: akimuuzia kichupa mtu asiyefikisha miaka 21, hutozwa faini ya hadi dola 250, na hadi 500 akirudia. Wewe uliyenunua kwa ajili ya keki, sheria hiyo haikugusi, ila usimpe kijana hata kimoja.

California hutazama nia. Kifungu cha 381b cha sheria yake ya jinai humtia hatiani mtu aliye na gesi hiyo kwa nia ya kuivuta ili alewe, awe na umri wowote. Kichupa kilicho halali jikoni mwako chaweza kuwa kosa mkobani mwake, na maputo yaliyo kando yake, ambayo wavutaji huijazia gesi hiyo, yakawa ushahidi. Kama si raia, asikiri kosa mahakamani kabla ya kumwona wakili wa uhamiaji.

Muuguzi wa Usiku
Mimi ninaogopa jingine. Gesi hii huizima vitamini B12 mwilini, na anayeivuta mara kwa mara huanza kupata ganzi miguuni, kisha huyumba akitembea, kwa kuwa uti wa mgongo unaumia. Muulize leo. Daktari naye aambiwe wazi kijana anavuta nini, maana kipimo cha kawaida cha B12 chaweza kuonyesha kiwango kizuri ilhali vitamini yenyewe haifanyi kazi.

Mama Keki
Nimemuuliza. Amekiri kwamba nyayo zina ganzi kwa wiki mbili sasa. Vichupa nimevifungia kabatini, na kesho nitampeleka hospitali.

Muuguzi wa Usiku
Dada yangu, msingoje kesho. Nendeni usiku huu.