Riwaya ya shule na viumbe wa ajabu kwa mpwa wangu: nichukue ipi kati ya hizi tatu?

Shangazi_Kihonda
Habarini wakuu. Nataka kumnunulia mpwa wangu riwaya, zile za wanafunzi na mazimwi, uchawi na masomo humo humo. Nimebaki na tatu: Harry Potter, Percy Jackson na Akata Witch ya Nnedi Okorafor. Muuzaji kaniwekea hadi Ijumaa. Ipi kali?

Kisiki_Kikavu
Mpwa wa miaka mingapi? Kiingereza chake kikoje? Bajeti je? Umetutajia majina ya vitabu tu, tukushauri kwa ramli?

Mla_Kurasa
Harry Potter, mjadala ufungwe. Cha kwanza kilitoka 1997 na hadi leo watoto wanagombania. Mabweni manne yanashindania pointi, ukikosea wewe wanakatwa wote. Aliyewahi kukaa bweni haelezwi hapo.

Ticha_Uyole
Mla_Kurasa, viko saba, na kuanzia cha nne ni matofali. Nafundisha Kiingereza sekondari, najua wanapokwamia. Percy Jackson ndiyo nyepesi: kijana anasimulia mwenyewe, mizaha mingi, na mapema kabisa mwalimu wa hesabu anageuka zimwi la Kigiriki lenye mabawa kwenye ziara ya makumbusho. Darasani kwangu hapo wanacheka wote, kila mmoja ana mwalimu wake wa hesabu anayemfikiria. Halafu Percy kusoma kunamsumbua, herufi zinamchezea, anafukuzwa shule hii anakwenda ile. Mtoto anayeitwa mzito darasani anapata mwenzake.

binti_Pangani
Dada, chukua Akata Witch. Sunny ana ualbino, kazaliwa Marekani, anaishi Aba huko Nigeria. Mpira anaupenda ila jua halimruhusu, anacheza usiku na kaka zake. Ana shule yake ya kawaida, na pembeni anafundishwa juju, yaani uchawi, pamoja na wenzake watatu. Ukijifunza jambo jipya, hela zinakudondokea kutoka juu! Mdogo wangu ana ualbino na hicho kitabu hakiazimishi mtu.
Ila kuna muuaji anayeteka watoto kwa ushirikina. Kwa mauaji ya wenye ualbino yaliyotokea kwetu Kanda ya Ziwa, kisome wewe kwanza.

Kisiki_Kikavu
Nyongeza: hicho hicho kiliuzwa Nigeria kwa jina la What Sunny Saw in the Flames. Usiuziwe vyote viwili ukadhani ni mfululizo. Vinavyofuata ni Akata Warrior (2017) na Akata Woman (2022).

Baba_Kulwa
Kabla ya kubishana ipi kali, mwulize muuzaji ni chapa halisi? Mimi niliona seti mtandaoni, boksi linang'aa, bei ya kutupa. Nikatuma hela, mzigo ukaja na basi. Nafungua, harufu ya wino kama duka la rangi. Jalada limekatwa upande, jina la mwandishi nusu. Nikasema haidhuru, maandishi si yapo. Binti akaanza kusoma, wiki ya pili ananijia analia: amefika pale joka linapotoka, akifunua ukurasa anarudishwa sura ya tatu. Sura ya tatu imo mara mbili, ya joka haimo kabisa! Kingine kurasa zimebandikwa kichwa chini. Nampigia muuzaji, ananiambia "mzee, hadithi si ni ile ile?" Kesho yake kaniblock. Hadi leo binti anamalizia ile sura kwa kubuni mwenyewe. Hiyo ndiyo mbuzi kwenye gunia.

Mla_Kurasa
Pole mkuu, ila "bei ya kutupa" ilikuwa inakuambia kitu 😂

Ustadhi_wa_Mtaa
Naona mnashindana kumchagulia mtoto uchawi. Vitabu vya dini vimeisha madukani?

Nyali_Kando
Ustadhi, kwa heshima zote, sisi Pwani tumelelewa na Nunda mla watu na hatujawa wachawi. Paka wa sultani anakula ndama, watu wanashtaki, sultani anajibu paka wake na ndama wake. Anamwacha hadi paka anakula wanawe. Hadithi hiyo ilishachapishwa 1870 kwenye mkusanyiko wa Edward Steere. Kuna zimwi la Kigiriki linaloifikia?

Ticha_Uyole
Minotauri, yule mwenye kichwa cha fahali.

Nyali_Kando
Mwalimu, huyo kafungiwa kwenye jengo anasubiri kuletewa chakula. Nunda anajitafutia.

Ustadhi_wa_Mtaa
Nunda ni ngano ya kumfunza mtoto, hakuna anayefundishwa kuloga humo. Msichanganye mambo.

Shangazi_Kihonda
Jamani nilikuwa kazini. Ana miaka 14, kidato cha kwanza, alisoma shule ya msingi ya Kiswahili. Bajeti elfu sitini. Halafu ana pacha wake, wa kiume, hapendi kusoma kabisa, kitabu watagawana.

Kisiki_Kikavu
Pacha! Na ulikuwa unatuambia lini?

Ticha_Uyole
Kwa huyo wa kiume, Percy. Kwa Kiingereza cha wote wawili, Percy.

binti_Pangani
Kwa Percy waende Ugiriki, sawa. Mimi na Sunny wangu tupo.

Mla_Kurasa
Percy wana tamthilia tangu 2023, huyo asiyependa kusoma ataangalia na kitabu ataacha.

Baba_Kulwa
Dada, omba picha ya kurasa za katikati kabla ya Ijumaa. Jalada lisikudanganye.

Nyali_Kando
Hivi Adili na Nduguze ya Shaaban Robert bado inachapwa? Ina majini, na ndugu wanageuzwa manyani. Mwenye nakala Mombasa anijulishe, naja kuichukua hata leo jioni.