Pua kutoa damu ninapoendesha pikipiki alfajiri wakati wa kipupwe

Mpanda Milima (mwenye swali)

Habari za jioni wanajukwaa, na wakubwa wangu shikamooni.

Mimi ni afisa ugani wilayani Makete, mkoa wa Njombe, na kazi yangu hunilazimu kupanda pikipiki karibu kila siku kuwafuata wakulima wa viazi na ngano walioko upande wa Kitulo, ambako ardhi imeinuka zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Huondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili niwakute kabla hawajatawanyika mashambani. Sehemu kubwa ya mwaka sina shida yoyote, lakini ikifika Juni hadi mwanzoni mwa Agosti, majani ya kando ya njia yanapoganda barafu, pua yangu huanza kutoa damu.

Mwaka huu hali imezidi. Katika wiki mbili nimetokwa na damu mara tano, mara nne nikiwa barabarani na mara moja usiku kitandani. Kila mara ni tundu la kulia. Baada ya mwendo wa dakika arobaini hivi huhisi ndani ya pua pamekauka na kubana, kisha huja kitu cha uvuguvugu juu ya mdomo, nami hudhani ni kamasi tu, kwa kuwa baridi humfanya kila mtu atiririkwe na kamasi. Wiki iliyopita nilifika nyumbani kwa mkulima mmoja nikiwa na damu kwenye kola ya koti, na mama mwenye nyumba, akidhani nimeanguka, aliwaita majirani kwa kelele kabla hata sijazima pikipiki.

Nina umri wa miaka 34, sivuti sigara, na sijawahi kuambiwa kuwa nina shinikizo la damu. Kofia yangu ngumu haina kioo, kwani kilivunjika mwaka jana nami sikukirudisha. Usiku tunapasha chumba joto kwa jiko la mkaa. Ninaomba kujua mambo mawili: je, ni kweli kwamba baridi hupasua mishipa ya pua, kama wasemavyo watu wengi huku? Na damu ikianza nikiwa katikati ya safari, mahali pasipo na nyumba wala maji, nifanye nini?

Mzee wa Kijiwe

Marahaba, na pole sana mwanangu. Sisi tangu zamani mtu akitoka damu puani tunamlaza chali au tunamwinamisha kichwa nyuma, tunammwagia maji ya baridi utosini, na baada ya muda damu inakatika. Ukiwa barabarani, simamisha pikipiki, utazame juu mbinguni na uweke pamba. Usihangaike na mambo mengi.

Tabibu wa Zahanati

Shikamoo mzee wetu. Naomba, kwa heshima zote, nitofautiane nawe katika jambo hilo la kuinamisha kichwa nyuma, kwa sababu ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Kichwa kikielekea nyuma damu haikomi, bali hubadilisha njia na kuteremkia kooni, na mgonjwa huimeza bila kujua mpaka tumbo linapochafuka akatapika, au hupaliwa nayo. Tunapoona damu haitoki tena nje, tunadhani tumemponya. Hata hayo maji ya utosini hupata sifa isiyo yake, kwa kuwa damu nyingi za pua hukoma zenyewe baada ya dakika kadhaa hata kama hakuna lililofanyika.

Sasa nikujibu wewe, ndugu Mpanda Milima. Kabla ya hewa kufika mapafuni, pua ina kazi ya kuipasha joto na kuitia unyevu. Hewa ya nyuzi joto 5, hata ikiwa imeshiba mvuke, hubeba takriban gramu 7 tu za maji katika kila mita moja ya ujazo, ilhali hewa iliyomo mapafuni, yenye nyuzi 37, hubeba gramu zipatazo 44. Tofauti hiyo hutolewa na utando laini wa pua na wa njia ya hewa. Mtu aliyekaa nyumbani huimudu kazi hiyo bila shida. Wewe unaipeleka pua yako kwenye upepo wa kilomita 60 kwa saa, uso ukiwa wazi, kwa muda wa saa nzima, na utando hukauka upesi kuliko unavyoweza kujilowesha. Ukikauka hupasuka kama zinavyopasuka midomo na visigino vyako msimu huu huu, isipokuwa chini ya ufa wa puani kuna mishipa midogo ya damu iliyosongamana mahali pamoja, kwenye ukuta unaotenganisha matundu mawili, karibu kabisa na mlango wa pua. Madaktari hupaita eneo la Kiesselbach, na damu nyingi za pua huanzia hapo. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba baridi inapasua mishipa. Ni ukavu unaoufanya utando upasuke, na baridi ikichanganyika na upepo huleta ukavu huo.

Damu ikianza ukiwa safarini, punguza mwendo, egesha pikipiki mahali salama, vua kofia na glovu, kisha kaa chini au juu ya kitako cha pikipiki huku umeinama kidogo mbele. Bana kwa kidole gumba na cha shahada sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, matundu yote mawili kwa pamoja, na upumue kwa mdomo. Wengi hubana mfupa wa juu, na mfupa haubaniki. Shikilia dakika 10 hadi 15 kwa saa ya simu bila kuachia hata mara moja ili kutazama kama imekoma, kwa maana kila unapoachia unaliondoa donge la damu lililokuwa limeanza kuziba ufa. Damu inayoingia mdomoni iteme. Ikikoma, usipenge kamasi kwa nguvu kwa siku nzima, na kwa saa kadhaa usiinue gunia la viazi la mtu yeyote, hata akikuomba vipi. Pamba kavu siipendi, kwani hushikamana na donge, na ukiitoa unaanza upya.

Kuhusu kuzuia, pika maji yachemke, yaache yapoe, changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye robo lita, na udondoshe matone machache katika kila tundu asubuhi na jioni. Kisha paka mafuta ya mgando kwa kidole safi, kiasi cha punje ya mchele, pale mbele tu kwenye ukuta wa kati. Usiyasukume ndani sana wala usipake mengi ukitaka kulala, kwa kuwa mafuta yanayovutwa hadi mapafuni kwa muda mrefu huleta madhara. Ufa unahitaji wiki moja au mbili kupona, kwa hiyo usiache siku ya tatu kwa kuwa damu haijaonekana.

Pima shinikizo la damu, kwani kupima hakuna gharama kubwa, ingawa sidhani kwamba ndilo chanzo, maana lingekusumbua hata Machi. Ikiwa unatumia aspirini au dawa kama diklofenaki kwa ajili ya mgongo, kama wafanyavyo waendesha pikipiki wengi, tueleze, kwa kuwa hufanya damu ichelewe kuganda. Nenda kituo cha afya bila kungoja iwapo damu itaendelea zaidi ya dakika 20 hadi 30 licha ya kubana vizuri, itatoka kwa wingi, itateremka kooni huku umeinama mbele, itafuata kuanguka au kugongwa kichwa, au utaanza kuona kizunguzungu. Nawe, kwa kuwa damu inatoka upande mmoja tu na inajirudia, ni vyema tundu hilo litazamwe na daktari wa masikio, pua na koo, ambaye akikuta mshipa ulio wazi anaweza kuuchoma kwa nitrati ya fedha, kemikali ya kuuziba mshipa, kwa dakika chache.

Na niulize bila kukuonea haya: kwa nini tundu la kulia tu? Upepo hupiga matundu yote mawili. Je, una mazoea ya kutoa magamba kwa kidole, au kuna kitu unachovuta kwa upande huo?

Dereva wa Makambako

Nimeendesha bodaboda miaka tisa kati ya Makambako na Njombe, na kabla sijabadilisha kofia nilikuwa kama wewe. Nitazungumzia vifaa, kwa kuwa mambo ya dawa tabibu ameyamaliza.

Kofia isiyo na kioo iache nyumbani msimu huu. Kwa kanuni ya upepo na baridi inayotumiwa na watabiri wa hali ya hewa wa Kanada na Marekani, nyuzi joto 5 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa huhisiwa usoni kama nyuzi 2 chini ya sifuri. Tafuta kofia inayofunika kidevu, yenye kioo kinachoshuka hadi chini. Ndani yake vaa kitambaa cha pamba kinachofunika pua na mdomo, au kile cha kininja, maana unyevu wa pumzi unayotoa hunaswa humo na kukurudia unapovuta hewa. Chukua viwili, kwa sababu cha kwanza kikilowa huwa baridi kuliko upepo wenyewe. Mtu asikudanganye ukivae kikiwa kimeloweshwa kwa maji. Nilijaribu mara moja na nusura nishindwe kuhisi pua yangu.

Kioo kikifunikwa na ukungu, paka ndani sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, kisha uifute kwa kitambaa kikavu mpaka isionekane. Pia acha upenyo wa kidole kimoja chini ya kioo unapokwenda taratibu kwenye kona. Wapo wanaovaa koti kinyumenyume, zipu ikiwa mgongoni, ili upepo usipenye kifuani. Husaidia kifua, kwa pua halisaidii kitu. La mwisho ni mwendo: kati ya 60 na 40 tofauti yake katika njia ya kilomita 30 ni robo saa tu, na alfajiri wakulima hawaendi mbali.

Mama wa Mkaa Mbadala

Jamani, mbona mnapita kwenye hilo jiko kana kwamba ni kiti? Chumba kilichofungwa chenye jiko la mkaa hukausha hewa usiku kucha, na nadhani ndiyo maana damu ilimtoka hata kitandani. Lakini pua ndiyo shida ndogo. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko wasiamke. Kaka yangu, pasheni chumba mapema huku dirisha likiwa wazi kidogo, kisha jiko litoke nje kabla hamjalala, mwongeze mablanketi.

Mpanda Milima (mwenye swali)

Nawashukuru nyote, na dada yangu, jiko lilitoka nje usiku ule ule.

Tabibu, swali lako limenifikirisha usiku mzima. Niliandika kwamba sivuti sigara, na hilo ni kweli, lakini sikuandika kuhusu ugoro. Nilianza msimu wa baridi wa mwaka juzi, kwa ushauri wa wenzangu kwamba hupasha kichwa joto kabla ya safari, na huuvuta kila alfajiri kwa mkono wa kulia, tundu la kulia. Sikuuhesabu kuwa ni kitu cha kumweleza tabibu. Diklofenaki nimewahi kumeza siku mbili tatu mwezi uliopita, baada ya kusukuma pikipiki kwenye tope.

Tabibu wa Zahanati

Basi tumempata. Ugoro huwasha na kuchubua utando ule ule ambao upepo umekwisha kuukausha, na mgonjwa akipiga chafya kwa nguvu, kama ugoro unavyokusudiwa kufanya, ufa hufunguka. Uache kabisa, si kwa wiki mbili za matibabu tu. Miadi ya daktari usiifute, kwani atahitaji kuona kama pana kidonda.

Mpanda Milima (mwenye swali)

Narudi baada ya siku kumi na nane. Shinikizo la damu lilikuwa 124 kwa 78. Daktari aliona ufa mdogo upande wa kulia ulioanza kufunga, hakuuchoma, akaniambia niendelee na maji ya chumvi na mafuta. Kofia mpya nimenunua Njombe mjini, na damu imenitoka mara moja tu, matone machache, siku niliyosahau kitambaa. Nilikaa juu ya jiwe nikabana pua kwa dakika 12, mkono ukafa ganzi kwa baridi, na wachungaji wawili walisimama kunitazama kimya mpaka nilipoachia.

Mzee wa Kijiwe

Nimesoma yote. Jumamosi mjukuu wangu alitokwa na damu puani baada ya kucheza mpira, nikamketisha, nikamwinamisha mbele na kumbana pua mimi mwenyewe, huku bibi yake akinigombeza kwamba ninamziba pumzi mtoto. Kabla ya dakika kumi kwisha ilikuwa imekatika. Ila tabibu, huo ugoro mimi nina miaka arobaini nao, na sijatoka damu hata siku moja.

Tabibu wa Zahanati

Mzee wangu, pitia zahanati siku utakayokuwa na nafasi, nikutazame hiyo pua.