Tausi, kanga au bata mzinga: yupi analipa kwenye shamba la nusu ekari?

Mkulima Mdogo
Wadau wa ufugaji, habari zenu. Nina nusu ekari, kuku wa kienyeji kama thelathini na bustani ya mboga. Imebaki kona moja yenye miti miwili mikubwa, nataka niitumie kwa ndege wa aina nyingine. Moyo wangu uko kwa tausi tangu utotoni. Mke wangu anasema kanga, kaka yangu anasema bata mzinga. Nawaomba wenye uzoefu mnisaidie kulinganisha. Tausi analipa, au ni pambo tu?

Bibi wa Kanga
Karibu, mwanangu. Hao wote watatu nimewafuga, na tausi ninao hadi leo, kwa hiyo sisemi kwa kuwachukia. Ukitaka fedha ya karibu, tausi atakuchosha. Jike haanzi kutaga mpaka afike miaka miwili hivi, na dume hapati mkia kamili hadi mwaka wa tatu. Akitaga ni mayai manne hadi manane, kisha analala juu yake siku 28 hadi 30. Ukimwondolea mayai ataongeza, lakini ni kwa msimu, msimu ukipita basi.

Kanga huanza kutaga akiwa na miezi saba au minane, na jike mmoja aliyetunzwa vizuri anaweza kufikisha mayai mia kwa msimu. Anakula kupe, panzi na mchwa, na mgeni akiingia uani hakuna asiyejua. Ubaya wake ni kwamba si mama mzuri. Anawaburuza watoto kwenye majani yenye umande, jioni anarudi na nusu yao.

Mtaalamu wa Mifugo
Ndugu mwenye mada, kabla hujafika kwenye mayai: hao kuku thelathini wanatembea wapi? Nauliza kwa sababu ugonjwa ninaouona ukiwamaliza tausi na bata mzinga kwenye mashamba madogo ni ule wa kichwa cheusi, na chanzo chake huwa ni kuku waliopo hapo hapo.

Iko hivi. Kuku wengi wana minyoo midogo kwenye utumbo wa nyuma. Mayai ya minyoo hiyo hubeba kijidudu cha ugonjwa. Kuku mwenyewe anadunda tu, haonyeshi chochote, lakini kinyesi chake kinaacha mayai hayo ardhini, na yanaweza kukaa humo kwa miaka. Nyungunyungu nao huyameza. Tausi akiparua hapo, au akila nyungunyungu, kijidudu kinashambulia utumbo na ini. Utamwona ameshusha mabawa, amejikunyata, kinyesi kimekuwa cha njano kama salfa. Wengi hawaponi, hasa wadogo. Dawa zilizotegemewa zamani zimeondolewa sokoni katika nchi nyingi. Marekani ile ya mwisho, nitarsoni, iliondolewa 2015. Unachoweza kufanya ni kuwapa dawa ya minyoo kwa ratiba na kuwatenga. Nikisema kutenga simaanishi banda tofauti juu ya udongo ule ule. Namaanisha ardhi ambayo kuku hawajaikanyaga.

Kwa hiyo hata ushauri wa kaka yako una tatizo hilo hilo. Kanga naye anaweza kuupata, ila mara nyingi haumpigi kwa ukali kama bata mzinga.

Jirani wa Bondeni
Mimi naleta la sauti. Tulikuwa na dume mmoja na majike wawili. Miezi ya kupandana dume analia alfajiri, jioni na usiku wa manane, na sauti inavuka mashamba matatu. Jirani yetu alikuwa na mtoto mchanga. Alivumilia wiki kadhaa, kisha akaja mlangoni macho mekundu, na sikuwa na jibu la kumpa. Tuliwatoa kwa mtu mwenye eneo kubwa. Nililia siku ile, lakini kumnyima mama mzazi usingizi lilikuwa kosa letu. Kanga nao wana kelele, ila usiku kwa kawaida wanatulia kama hawajashtuliwa. Ongea na majirani kabla ya kununua, si baada.

Mlezi wa Tausi
Wakuu, yote yaliyosemwa ni kweli, na bado mwaka wa tisa huu ninafuga tausi kwenye eneo dogo. Sioni haki kumpima tausi kwa mayai. Huyu ni ndege wa kuishi naye miaka 15, hata 20 akitunzwa. Kila mwaka baada ya msimu dume anapukutisha manyoya ya mkia, mia na zaidi, bila kumng'oa hata moja, kisha yanaota upya. Hayo nauza, na vifaranga nauza. Fedha inarudi polepole, lakini inarudi.

Ila mwenzangu, mimi sina kuku hata mmoja. Niliacha kuku kwa ajili yao, na nilianzia kwenye ardhi iliyokuwa ya mahindi. Uzio wangu umefunikwa wavu juu, urefu wake unazidi mita mbili na nusu, na ndani kuna boriti pana ya kulalia. Ndege mgeni namfungia wiki sita hadi nane ndipo apajue nyumbani. Ukimwachia mapema anaruka na harudi. Dume mmoja anatosha majike watatu hadi watano. Vifaranga wanahitaji chakula chenye protini karibu asilimia 28. Cha vifaranga wa kuku hakiwatoshi.

Kuna watu huwawekea kuku mayai ya tausi awaangulie. Nilijaribu mara moja kwa kuku wa kuazima. Walianguliwa watano, wakafa wanne, na sasa nikisoma maelezo ya mtaalamu hapo juu naelewa kwa nini.

Mtaalamu wa Mifugo
Huo ndio mfano niliotaka mwenye mada auone. Jambo jingine fupi: uliza sheria ya wanyamapori ya kwako kwanza. Tausi wa kawaida wa bluu na yule wa kijani hawako kwenye ulinzi wa kiwango kimoja.

Mkulima Mdogo
Nawashukuru sana. Ile kona yenye miti ndipo kuku wangu wanaposhinda mchana kwa mwaka wa sita sasa, kivuli kinawavuta. Na kuku siwezi kuwaacha, ndio wanaolipa ada za watoto. Nimezungumza na mke wangu, tunaanza na kanga. Bibi, nianze na wakubwa au na mayai?

Bibi wa Kanga
Anza na mayai, mwanangu. Kanga mkubwa aliyehamishwa anatoroka kurudi kwao. Tafuta kuku mtulivu anayeatamia, mwekee kumi na tano, subiri siku 26 hadi 28. Wakitoka, wafungie pakavu wiki sita, wasikanyage umande. Na kwenye chombo cha maji jaza kokoto, maana kifaranga cha kanga huzama kwenye maji ya kina cha kidole.