Land Cruiser mkonga ina kelele na joto balaa ndani, nianzie wapi?

mkonga_wa_78

Habari wakuu. Nina Land Cruiser hardtop ile ndefu, HZJ78 injini 1HZ, naishi Arusha na naitumia sana na familia, Karatu, Ngorongoro, mara mojamoja Serengeti. Kwa ugumu gari sina malalamiko kabisa lakini ndani ni kelele tupu. Ukishafika spidi 80 mimi na mke wangu pale mbele tunaongea kwa kupaza sauti, watoto walioko kwenye mabenchi ya nyuma ndo hawasikii chochote, na ile barabara ya changarawe ya Naabi kwenda Seronera na mawimbi yake bati linalia kama debe mpaka unafika kichwa kinagonga. La pili ni joto, mguu wa dereva ulioko upande wa gia unaungua, na jua la mchana likishika paa ukigusa silingi ni ya moto kabisa. Halafu tukilala ndani kule kambi ya Simba ukingoni mwa kreta ni baridi kali na asubuhi bati lote limetoka jasho, mablanketi yanaloa.

Kuna sehemu wameniambia nibandike zile shiti nyeusi zenye foili gari zima bila kuacha nafasi hata ya kidole, bei waliyotaja imenishtua. Jirani yangu naye ananiambia nikate sponji la godoro na nipange trei za mayai, eti matokeo ni yale yale. Naomba ushauri wa watu wanaoijua hii kazi, hela nitatoa ila nataka nitoe sehemu yenye faida.

fundi_bodi_Dar

Mkuu hilo sponji la godoro achana nalo, nakuomba. Lina matundu wazi, linanyonya maji, na gari la porini maji yanaingia tu, ukivuka mto au ukiosha gari, basi linakaa limeloa chini ya kapeti miezi na hulioni, siku unafunua unakuta sakafu imekuwa chujio. Na likishika moto moshi wake ni sumu. Trei za mayai hazizuii kitu, zinapunguza mwangwi kidogo wa sauti nyembamba, mvumo wa 1HZ unapita humo kama hakuna kitu.

Sasa hizo shiti zenye foili. Ile nyeusi inayonata ni butili na kazi yake ni moja tu, kuua mtetemo wa bati. Haizuii joto kwa maana yoyote na haizuii sauti inayopita hewani. Ndo maana kujaza gari zima ni kumwaga hela, ukifunika robo mpaka nusu ya kila bati, katikati pale linapocheza zaidi, umeshapata karibu faida yote. Pima mwenyewe, gonga bati la ubavuni nyuma kwa kifundo cha kidole, utasikia linalia tiiing. Bandika kipande ukubwa wa daftari katikati, kandamiza kwa rola mpaka yale mabonde ya foili yalale, gonga tena, sauti inakuwa fupi, dup. Ukishasikia dup hama nenda bati lingine. Na uzito pia uangalie, shiti ya milimita 2 mita moja ya mraba ni kama kilo 3 na zaidi, ukifunika mita 10 za mraba umeshaongeza kilo 30 kwenye gari ambalo halina haraka hata likiwa tupu.

Angalizo, kuna shiti za lami za kuzibia mapaa ya nyumba zinauzwa rahisi na kwa macho zinafanana na hizi. Kwa joto letu zinalainika, zinanuka lami gari zima na za kwenye paa zinadondoka. Nusa kabla hujanunua.

defa_nairobi

Fundi amesema ukweli lakini mimi ningeanza hata kabla ya shiti. Niko na Defender 110 Td5, na kama unajua Defender unajua hiyo ni gari ya mashimo, pale chini ya viti, kwa gia, kwa pedali, kwa nyaya zinaingia kutoka kwa injini, kila mahali. Sauti ni kama maji boss, ikipata katundu inapita yote, unaweza weka shiti za pesa mingi na ka shimo ka waya wa betri ya pili kalikotobolewa bila raba kanaharibu kazi yote.

Fanya hivi, usiku mtu aingie ndani na tochi kali awe anamulika polepole kando ya milango, kwa pedali, kwa gia, na wewe uko nje unaangalia mwanga unatokea wapi. Halafu chukua karatasi, funga mlango ukiwa umeibana katikati ya raba, ivute. Ikitoka rahisi hiyo raba imekufa, hapo ndio upepo unapiga filimbi ukienda mbio. Zunguka mlango wote, mara nyingi ni kona ya juu nyuma na kule chini. Raba mpya za milango, buti mpya ya gia na ya transfa (ile raba inafunika pale fimbo ya gia inatokea kwa sakafu), na gromet, ka raba ka duara ka kuziba shimo, kila mahali waya inapita, hizo tatu peke yake zitakushangaza. Na zinazuia vumbi pia! Njia za sauti ndizo njia za vumbi. Ukishaziba, kwa changarawe funga vioo vyote, weka feni ichukue hewa ya nje na uiweke juu, hewa inajaa ndani inasukuma vumbi nje.

Kitu ingine, kwa wenye Defender wanaosoma hapa, milango yetu ni fremu ya chuma na ngozi ya alumini, ukiweka kitu cha kushika maji katikati hizo metali mbili zinakulana haraka sana. Chunga hapo.

mkonga_wa_78

Asanteni sana, nimefanya hilo la karatasi jioni hii, mlango wa abiria karatasi inatoka yenyewe upande wote wa nyuma, na milango miwili ya nyuma pale inapokutana katikati kuna mwanga unaonekana kabisa. Nimeona na buti ya gia imepasuka kwa chini, ndo maana ya ule moto wa mguuni nadhani. Sasa kwenye joto na lile jasho la asubuhi niweke nini kama butili sio kazi yake?

mama_wa_safari

Kaka yangu hilo ndo eneo langu, nalala kwenye gari miaka na miaka. Nenda kwa mafundi AC, waulize ile raba nyeusi laini wanayozungushia mabomba ya shaba, ipo pia ya karatasi pana, milimita 10 inatosha. Ile matundu yake yamejifunga, hainywi maji, inakata joto na inasaidia kelele pia. Bandika kwenye paa na ubavuni ikigusana na bati kabisa, usiache hewa katikati, maana jasho linatokea pale hewa yenye unyevu inapofika kwenye bati la baridi. Ukiacha mfuko wa hewa nyuma yake jasho litatokea huko huko usikokuona na kutu itafuata.

Lakini nikuambie ukweli, hata ubandike vipi watu wakilala ndani wanapumua maji usiku kucha na lazima yatoke. Acha vioo viwili vya pande tofauti wazi kama upana wa vidole viwili, weka neti. Utasema baridi, na kweli kule juu ni zaidi ya mita 2,200, lakini blanketi kavu na hewa ya baridi ni bora kuliko blanketi lililoloa. Watoto wako watakushukuru, mwanangu alikuwa anaamka na kikohozi mpaka tulipoanza kuacha vioo wazi.

Na paa, joto la mchana ulizuie kabla halijafika kwenye bati. Baadhi ya Land Rover za zamani za Series zilikuwa zinatoka na paa la pili juu ya paa, nafasi ya hewa katikati, jua linapiga la juu na upepo unapita chini yake. Kama una keria weka plaiwudi iliyopakwa rangi nyeupe juu yake, unapata kitu kile kile. Kwenye vioo vikubwa vya nyuma ndo raba haisaidii, kata vipande vya lile karatasi la fedha lenye mapovu uweke ukiegesha.

fundi_bodi_Dar

Dada yangu kamaliza kila kitu kwenye joto. Mimi niongezee kwenye kazi yenyewe maana hapa ndo watu wanaharibu.

Ng'oa viti na mpira wote wa sakafu, osha, ikauke siku nzima juani. Kutu yoyote ukiiona isugue na upake praima kwanza, usiifunike. Futa bati na spiriti, likiwa na vumbi la Arusha au mafuta hakuna kitu kitakachonata. Sakafuni butili, juu yake raba, juu yake mpira mzito, na mpira huo uwe kipande kimoja bila mianya maana huo ndo unaozuia sauti ya hewani. Upande wa gia na kule ekzozi inakopita chini weka bati la kuzuia joto kwa nje kwanza, ndani baadaye. Usizibe vizibo vya raba vya sakafuni wala mfuniko wa geji ya mafuta, siku moja utavihitaji. Milangoni bandika butili kwenye ngozi ya nje tu, yale matundu ya chini yanayotoa maji yaache wazi, na hakikisha vioo vinapanda na kushuka vizuri kabla hujarudisha kadi za mlango, yale mabamba ya ndani. Gundi ya viatu usitumie kwenye paa, tafuta inayovumilia joto kali.

Na mkuu, matairi unatumia gani? Kama ni yale ya matope yenye meno makubwa, kwenye lami ya Makuyuni mpaka geti la Loduare nusu ya mvumo unaousikia unatoka hapo.

mkonga_wa_78

Ni ya matope mkuu, na yamebakiza kidogo kuisha. Basi yanayofuata nitachukua ya kawaida ya lami na vumbi. Jumamosi naanza na raba za milango na buti ya gia, nitaenda kwanza hivyo mpaka Karatu nisikie tofauti kabla sijanunua shiti hata moja.

defa_nairobi

Sawa kabisa. Chukua simu, weka app ya kupima desibeli (ukubwa wa sauti), pima kabla na baada, barabara ile ile, gia ile ile, spidi 80, vioo juu. Usitarajie namba ishuke sana, ikishuka 3 utaisikia kidogo tu, ili sikio lione kelele imepungua nusu inataka karibu 10. Leta namba hapa tuone.