Barua za mapendekezo za rezidensi Marekani: profesa mwenye jina au bingwa aliyekuona wodini?

zabibu_md: Wakuu habari za jioni. Nipo hapa Dodoma, intani nimemaliza, naaplai rezidensi (mafunzo ya ubingwa) ya magonjwa ya ndani Marekani. ERAS, ule mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi, kila programu unaipa barua za mapendekezo 4 mwisho, na mi nna watu watano walioniahidi: profesa alietufundisha darasani tukiwa kibao, mabingwa wawili wa magonjwa ya ndani niliozunguka nao wodi, surjeni (daktari wa upasuaji) mmoja ananipenda balaa, na daktari wa Ohio nilikaa kwake obzavashipu, yaani kutazama tu anavyofanya kazi. Nimuache nani? Mzee nyumbani anasema profesa asiguswe, jina lake zito.

Kada_wa_Makole: Profesa weka pembeni. Atakuandikia nini zaidi ya "ana nidhamu na alihudhuria vipindi"? Hiyo hata mimi naweza kuandikiwa. Bingwa wa wodi ndo mwenye stori, mfano yule mgonjwa wa sukari kaja anahema, kila mtu anataka insulini iingie, wewe ukasema ngojeni potasiamu, majibu yakarudi 2.9, ipo chini na insulini ingeishusha zaidi. Kitu kama hicho kikiandikwa msomaji anaona kichwa chako kinavyofanya kazi.

dkt_wa_ndani: Naunga mkono ila usimdharau profesa haraka hivyo, kuna programu za magonjwa ya ndani zinataka barua ya mkuu wa idara, kama ndo yeye basi unamhitaji. Soma tovuti ya kila programu.

mama_Ng'ong'ona: Mbona mnampa presha mdogo wetu, ERAS inakubali barua zaidi ya 4, ila unachagua zipi ziende wapi. Wote watano waandike. Ohio na mabingwa wawili peleka kote (obzavashipu hushiki mgonjwa kwahiyo haina nguvu ya mikono, ila kaandika mtu anaeujua mfumo wa kwao), ya nne ndo unabadilisha, profesa kwa wanaotaka mkuu wa idara, kwingine surjeni.

zabibu_md: Asante dada. Sasa bingwa mmoja kasema niandike mwenyewe yeye asaini 😅

mama_Ng'ong'ona: Huku ndo zetu ila hapo kataa kwa adabu. Mwandishi anaipandisha mwenyewe kwenye potali, wewe huigusi, na kwenye fomu weka tiki kwamba umeachia haki ya kuisoma, usipoachia wanajiuliza kwanini. Mpelekee sivii na karatasi moja ya kesi mlizofanya pamoja.

Kada_wa_Makole: Na wawahi, programu zinaanza kufungua na kusoma maombi mwishoni mwa Septemba na wakubwa wetu hawa kwa safari ndo usiseme.

zabibu_md: Muhuri je?

dkt_wa_ndani: Hahaha mbongo na muhuri. Weka karatasi yenye kichwa cha hospitali na saini, inatosha. Barua ya chuo, ile MSPE, haihesabiwi kwenye hizo 4.

zabibu_md: Poa, kesho namvizia bingwa akitoka raundi, asubuhi huwa mkali huyo.