Naomba ushauri: Kombi ina uso wa T2 na ubavu wa T1, ni gari mbili zimeungwa?

Dereva_Taratibu
Wakuu, nisaidieni kabla sijatoa hela. Kuna Kombi, lile basi dogo la Volkswagen, naitamani kupita kiasi. (T1 ni toleo lake la kwanza, T2 la pili.) Mwenyewe anasema ni ya Ujerumani, mwaka 1974. Kwa mbele haina neno: kioo kimoja kipana kilichopinda, milango ya mbele ya T2. Shida inaanza ukizunguka ubavuni. Mlango wa kusukuma hakuna. Ipo miwili inayofunguka kwa nje kama ya kabati, na madirisha ni madogo madogo kama ya T1. Nimepitisha sumaku kwenye nguzo ya nyuma ya mlango wa dereva, juu mpaka chini, imeshika kote, hakuna puti. Nimeinua kapeti, sijaona alama ya kuchomelea. Lakini fundi wangu kasema hizo ni gari mbili, nikimbie.

Pancha_Kila_Siku
Kimbia mkuu. Sura mbili hata kwa binadamu zinatia shaka.

Mzee wa Kabureta
Msimkimbize mtu bure. Hiyo imezaliwa hivyo kiwandani, Brazil. Ujerumani waliachana na T1 mwaka 1967 wakaleta T2 yenye bodi mpya nzima. Brazil waliendelea na T1 mpaka 1975, kisha badala ya kubadili bodi yote wakachukua uso na milango ya mbele ya T2 wakavipachika kwenye ubavu wa T1. Wakaitengeneza namna hiyo hadi 1996. Mlango wa kusukuma ulikuja kwenye modeli ya 1997, pamoja na paa lililoinuliwa. Wapenzi wa Kombi wanaiita T1.5, na fundi wako hana kosa, wengi hawajawahi kuiona.

Swali langu: namba ya chasisi inaanzaje, na ina herufi na tarakimu ngapi?

Dereva_Taratibu
Mkuu, nilipiga picha. Inaanza 9BW. Nimehesabu mara mbili, ni 17.

Mzee wa Kabureta
Basi bodi haijaungwa, kilichoungwa ni maelezo ya muuzaji. 9BW ni Volkswagen ya Brazil. Kombi ya Ujerumani ya mfumo huo ingeanza na WV. Halafu namba za urefu wa 17 zilianza kutumika miaka ya 1980. Gari la 1974 litaipata wapi? Linganisha namba iliyogongwa kwenye bati na ile ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Zikitofautiana, hapo ndipo ukimbie.

Mama Spana
Namuunga mkono Mzee. Mimi nina gari dogo la Mini, na niliwahi kuagiza vioo vya milango kwa kutaja mwaka tu. Vikaja vya kusukuma pembeni, wakati yangu ni ya Australia, ya kuzungusha mkono. Australia waliweka vya kuzungusha tangu 1965, Uingereza wakasubiri hadi 1969. Vile vioo bado viko uvunguni mwa kitanda, kama kuna anayevihitaji aseme.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukiinunua usiagize kitu kwa jina la "Kombi ya 1974". Raba za madirisha ya ubavuni tafuta za T1, na peleka kipande cha zamani kama sampuli. Rimu nazo upime: za Ujerumani zilikuwa na nati tano kwenye duara la milimita 205, zikahamia 112 kuanzia modeli ya 1971 zilipopata breki za diski mbele. Usiamini katalogi, amini rula.

Pancha_Kila_Siku
Mimi naondoa neno langu la kukimbia. Ila muuzaji aliyekosea nchi na mwaka kwa mpigo mmoja, hata injini ningeisikiliza asubuhi ikiwa bado ya baridi, nikifika bila kumpa taarifa.

Dereva_Taratibu
Nimempigia. Kanyamaza kidogo, kisha: "Hiyo 1974 na mimi niliambiwa na aliyeniuzia." Kadi anasema iko kwa kaka yake. Kesho alfajiri naenda na tochi na rula, ila kama kadi haipo mezani, tochi siiwashi.